Feni ya bafuni inazunguka, lakini je, inavuta hewa?

Mzazi, ukiona madoa meusi ya kuvu kwenye dari ya bafu, usikimbilie rangi. Mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilihusisha unyevu na kuvu ndani ya nyumba na kikohozi na pumu.

Washa feni, weka kipande cha tishu kwenye wavu wake. Kikianguka, unalipia kelele tu. Zima umeme, futa vumbi, jaribu tena.

Ikigoma, fundi umeme aibadilishe, ila kwanza aangalie bomba linaishia wapi. Kwangu lilikuwa linamwaga mvuke juu ya dari; hata feni mpya isingesaidia. Lifike nje. Mlango nao uwe na upenyo chini, hewa iingie. Mkishaoga, iacheni izunguke dakika 15 hadi 20.