DIZELI KUTOKA MAJITAKA? USISHIKE PUA, SOMA KWANZA!

Wiki hii tuko hapa hapa Dodoma.

Juzi kijiweni palizuka ubishi. Mshikaji mmoja wa bodaboda, baada ya kulia sana na bei ya mafuta, akatoa wazo: "Si tuigeuze alizeti yote iwe dizeli, tuachane na meli za Uarabuni!" Mama muuza chapati akamkata kauli: "Na chapati utazikaangia mate?" Kijiwe chote hoi!

Ucheke usicheke, mama kasema kweli. Injini ya dizeli kunywa mafuta ya mmea si jambo geni. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, moja iliunguruma kwa mafuta ya karanga. Lakini alizeti ya Dodoma na Singida ndiyo inayokaangia mboga zetu. Ikihamia kwenye tangi la lori, kikaango kitakauka.

Na ardhi je? Kule Kisarawe, zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11 zilikwenda kwa kampuni ya kigeni ipande mibono ya kutengenezea dizeli. Mwaka 2011 kampuni ikafunga virago, wanakijiji wakabaki wanaulizia mashamba yao. Hapo Kongwa nako, mwaka 1947 Waingereza walishuka na matrekta kulima karanga za mafuta. Ukame na udongo mgumu vikawatoa jasho, mwaka 1951 wakasalimu amri.

Sasa kuna kitu kisichohitaji shamba: mwani. Siyo ule wa Zanzibar unaofungwa kwenye kamba, bali ule mdogo mno unaogeuza maji ya bwawa kuwa kijani. Katembelee mabwawa ya majitaka ya Swaswa utanielewa. Mwani unakula naitrojeni na fosforasi zilizomo kwenye uchafu wetu, unapigwa jua, na aina nyingine huongezeka maradufu ndani ya siku moja tu.

Baadhi ya aina hizo zina mafuta mwilini. Unavuna, unakausha, unakamua, unachanganya na methanoli na kostiki, ile ile ya sabuni. Dizeli hiyo! Hakuna suke la mtama lililoguswa.

Kimbembe kiko kwenye kuvuna. Maji mengi, mwani kiduchu. Lita nzima ya maji hupati hata kijiko kimoja cha unga. Kuchuja na kukausha kunakula nishati na ngawira. Marekani ilianza utafiti huu mwaka 1978, ikaufunga 1996 kwa kuwa mafuta ya visimani yalikuwa chee. ExxonMobil nao waliingia 2009, wakachomoka 2023.

Basi tukate tamaa? Hapana bwana! Mwani mbichi unaweza kuingia kwenye mtambo wa biogesi bila kukaushwa, kama kinyesi cha ng'ombe, ukatoa gesi ya kupikia. Hilo halihitaji mabilioni ya Exxon. Vijana wa UDOM wenye maabara, mnasubiri nini? Kila gunia la mkaa linaloingia mjini ni miti iliyolala chini, na nchi yetu hii kavu haina miti ya kuchezea.

Nilipomweleza mama chapati, akaguna: "Gesi ya chooni? Lete, mradi alizeti yangu usiiguse!"

Tukutane wiki ijayo.