Mlango wa gari haufunguki? Anza na mambo haya kabla ya gereji



Asubuhi za baridi hapa Stanmore ndipo umeme wa gari unapotusumbua: rimoti haifungui, kioo hakipandi, na watoto wanachelewa shule. Kabla hujalipa fundi, jiulize swali moja: ni mlango mmoja tu, au ni yote?

Ikiwa ni yote

Anza na betri, kwa maana baridi huipunguzia nguvu. Taa za ndani zikiwa hafifu na injini ikiwaka kwa shida, tatizo liko kwenye betri, si mlangoni. Injini ikiwaka vizuri lakini rimoti haifanyi kazi, badilisha betri ndogo ya rimoti. Nyingi hutumia CR2032. Wakati huohuo tumia ufunguo wa chuma, ambao mara nyingi umefichwa ndani ya rimoti yenyewe.

Vioo vyote vikigoma pamoja, tazama fyuzi. Kitabu cha gari kinaonyesha zilipo. Zima gari, chomoa fyuzi inayohusika, na kama imekatika weka mpya yenye ampea zilezile. Tulikotoka wengi tumeona fyuzi ikizungushiwa waya. Usifanye hivyo. Fyuzi hukatika ili nyaya zisiungue. Ukiizuia, gari linaweza kushika moto. Mpya nayo ikikatika, nenda kwa fundi.

Ikiwa ni mmoja

Mlango wa nyuma unafunguka kwa nje tu? Huenda si mbovu. Ufungue, utazame ubavuni: kuna kidude cha kuzuia watoto wasiufungue wenyewe. Kioo cha nyuma kikiitikia swichi ya dereva peke yake, bonyeza kitufe cha kufungia vioo kilicho upande wa dereva.

Vinginevyo, bonyeza swichi usikilize. Mota ikilia na kioo kisisogee, huenda kebo inayokiinua imekatika. Kukiwa kimya, inaweza kuwa swichi, mota au waya. Nyaya hupita ndani ya mpira ulio kati ya mlango na bodi, na hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, mwisho hukatika. Hapo mwachie fundi, na umwombe akuandikie bei kabla hajaanza kazi.

Usiahirishe

Gari likishafika miaka 3 hukaguliwa MOT kila mwaka, na milango ya mbele lazima ifunguke kwa ndani na kwa nje. Zaidi ya hayo, siku ya ajali mlango ndiyo njia yako ya kutokea.

Kama ulinunua gari kwa mfanyabiashara wa magari na siku 30 hazijapita, usilitengeneze kwanza. Sheria ya Haki za Wateja ya 2015 inakuruhusu kurudisha gari uliloulizwa likiwa bovu na kudai fedha zako. Njoo ofisini na risiti, tuandike barua pamoja.