Peke yako Nungwi

Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, ilikuwa kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi kabla ya hoteli za kifahari kujipanga ufukweni. Anayetoka Bugarama, wilayani Ngara, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha hupanda boti kwa takriban saa mbili hadi Unguja. Bahari humfutia uchovu wote: maji yakipwa hayaendi mbali kama Paje, pwani ya mashariki, hivyo huogelea karibu saa zote. Uchungu uko kwenye malipo. Vyumba vingi hupangiwa bei ya watu wawili, na aliye peke yake huubeba mzigo mzima, jambo lisilo la haki. Mapapasi, vijana wanaowauzia watalii huduma mitaani na ufukweni, nao humwandama. Masika, Aprili na Mei, bei hushuka, ingawa baadhi ya hoteli hufungwa.