Mzee Kajifungia na Gundi!

Shosti, kama mnaishi Uingereza na mzee kajifungia chumbani wikiendi nzima, usikimbilie kupekua simu yake. Huenda anaunga Spitfire ya plastiki, ile ndege ya Vita Kuu ya Pili. Kwa kipimo cha 1/72, ndege ya mita 9 inabaki sentimita 13 hivi, na vipande vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Mwache atulie.

Birthday yake ikikaribia, usimwagizie tu kwenye intaneti. Nendeni wote duka la mtaani. Ndiyo, mtandaoni mara nyingi bei iko chini, lakini muuza duka ndiye atakayekwambia kwamba supagluu hutia ukungu kioo cha rubani, hivyo kioo kibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Wengi hulijua hilo kioo kikishaharibika! Na maduka yenyewe yanapungua: Modelzone, iliyokuwa na matawi kibao nchini humo, ilifunga yote mwaka 2013.

Mkirudi nyumbani, omba brashi na wewe. Anza na magurudumu, hayana lawama.