Una usaili wa serikali? Acha kumeza miaka, uliza ilitoka wapi

Binamu yangu aliingia kwenye usaili wa serikali akiwa amejipanga vizuri sana. Daftari lake lilikuwa limejaa hadi jalada la nyuma. Ukimwamsha saa tisa usiku angekutajia bila kupepesa macho: 1965, 1971, 1983, 1993, 2003, 2010. Mtaani tulikuwa tushaanza kumwita "mheshimiwa karani".

Halafu mwanajopo mmoja, mama wa miwani, akamuuliza: "Waraka Nambari 10 wa 1965 una uhusiano gani na Hazina ya Usawazishaji?"

Waraka aliujua ni wa mwaka gani. Hazina alijua iko Kifungu cha 204 cha Katiba. Lakini uhusiano? Hapo mtandao ukapotea kabisa. Alitoka akijua mambo yameisha, na kweli ile simu haikuwahi kuja.

Mwaka uliofuata akaitwa tena, ofisi nyingine. Safari hii akaniomba niwe namuuliza maswali jioni. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo nafasi yenyewe singeweza kuiomba hata kama ningetaka. Lakini kuuliza "kwa nini?" hakuhitaji cheti. Hivyo ndivyo tulivyogundua kosa lake, ambalo naona vijana wengi wanalifanya: alikuwa anasoma mageuzi ya serikali kama orodha ya bei sokoni. Kila mwaka peke yake, bila kujua uliotangulia ulimwachia nini aliyefuata.

Tukaamua kila mageuzi yajibu maswali matatu tu. Kulikuwa na shida gani? Serikali ilifanya nini? Na ni shida gani ilibaki, au ikazaliwa upya?

Chukua ule waraka uliomwangusha. Nchi ilikuwa imepata uhuru 1963, pesa ni kidogo, kila mtu anataka barabara, shule na hospitali. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ikatoa waraka wa Ujamaa wa Kiafrika, na Tom Mboya, waziri wa mipango, alikuwa nguzo yake kubwa. Ndani yake kuna uamuzi mmoja mzito: pesa za maendeleo ziende kwanza mahali zitakapozaa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Hesabu ilikuwa kwamba maeneo hayo yakitajirika, mengine yatavutwa juu.

Kilichobaki unakijua. Ukitoka Isiolo ukielekea kaskazini, watu walingoja kuvutwa juu kwa miongo mingi. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika zaidi ya nusu karne baada ya uhuru.

Sasa fungua Katiba ya 2010. Kifungu cha 204 kinatenga nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, kwa miaka 20. Hiyo ndiyo Hazina ya Usawazishaji. Ni kama Kenya ya 2010 ilikuwa inajibu Kenya ya 1965. Jibu la yule mama lilikuwa hapo, sentensi mbili tu. Binamu yangu alipoliona alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nayo yote kwa daftari."

Ugatuzi nao ni vivyo hivyo. Ukiulizwa, usikimbilie kusema tuna kaunti 47 zilizoanza kazi 2013. Hilo hata mwanafunzi wa shule ya msingi analijua. Anzia 1963, tulipokuwa na majimbo na Seneti. Kufikia mwisho wa 1964 majimbo yalikuwa yamevunjwa nguvu, na 1966 Seneti ikaunganishwa na bunge lile jingine. Nguvu zote zikahamia Nairobi. Mnamo 1983 serikali ya Rais Moi ikaleta mpango wa maendeleo kupitia wilaya: kamati za wilaya zipange miradi yao. Wazo halikuwa baya. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa DC, ambaye mkubwa wake hakuwa mwananchi wa pale bali Nairobi, na mfuko wa pesa ulibaki huko huko. Ndiyo maana Katiba ya 2010 haikusema tu kaunti zipange. Ilisema zichague viongozi wao na zipewe mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato. Ukieleza hivyo, jopo linajua unaelewa kwa nini tuko hapa.

Kisha kuna Tume ya Ndegwa ya 1971. Hii usiipite mbio. Ndiyo iliyofungua mlango kwa wafanyakazi wa serikali kufanya biashara zao binafsi. Hoja ya wakati huo ilikuwa Mwafrika mwenye mshahara naye aingie kwenye uchumi. Shida iliyozaliwa: afisa anayetoa kandarasi asubuhi na kuomba kandarasi jioni. Mstari kutoka hapo unaenda hadi sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003, Sura ya Sita ya Katiba 2010, na sheria ya mgongano wa maslahi iliyotiwa saini 2025. Hapa kuna mtego: marufuku ya kufanya kazi nyingine ya mapato katika Kifungu cha 77 inawalenga wale maafisa wa dola waliotajwa kwenye Katiba na wanaofanya kazi ya muda wote. Siyo kila karani. Ukiwachanganya, umejipalia makaa.

Lakini somo lililotushika zaidi halikutoka kwa kitabu. Tulipofika mageuzi ya utumishi wa umma ya 1993, mjomba wetu alikuwa ameketi pale sebuleni akitazama taarifa. Tukasoma kwa sauti: gharama ya mishahara ilikuwa juu, wafadhili kama Benki ya Dunia na IMF walikuwa wanashinikiza, wafanyakazi wa vyeo vya chini wakapewa nafasi ya kustaafu mapema kwa hiari. Mjomba akapunguza sauti ya televisheni.

"Mimi nilikuwa huko," akasema. Alikuwa tarishi. Alichukua ile pesa, akafungua duka. Duka halikumaliza miaka miwili. "Neno hiari lilikuwa kwa karatasi," akatuambia. "Kwa moyo ulijua usipotoka leo utatolewa kesho."

Miaka hiyo yote hakuwahi kutusimulia. Binamu yangu akaandika pembeni mwa daftari: walipunguza watu, je, huduma ilikuwa bora? Swali hilo ndilo linakupeleka kwa kandarasi za utendakazi zilizoanza 2004, kisha vituo vya Huduma kuanzia 2013, kisha eCitizen. Kupunguza watu hakukutosha. Ilibidi serikali iulize waliobaki wanafanya nini kutwa.

Sasa najua kuna msee anasoma hapa akicheka: "Wewe soma tu, kazi ni ya mwenye mtu mkubwa ndani." Siwezi kukudanganya kwamba hilo halipo. Lakini Kifungu cha 232 kinasema uajiri katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na ustahili, pamoja na nafasi sawa kwa jinsia zote, makabila yote na watu wenye ulemavu. Hiyo ni sheria, si ombi. Usipoijua, hata ukionewa hutajua umeonewa nini.

Na vitabu si lazima ununue. Katiba na sheria zote ziko bure kwa tovuti ya Kenya Law. Ripoti za zamani unaweza kuziuliza katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue. Uliza pia wazee wako. Kwa kila nyumba kuna mtu aliyepitiwa na mageuzi fulani juu ya mwili wake.

Binamu yangu alienda usaili wa pili mwezi jana. Wakamuuliza kuhusu mageuzi ya 1993. Anasema alieleza shida, dawa na kilichobaki, na safari hii mkono haukutetemeka. Majibu bado. Mjomba kila jioni anauliza kama simu imelia.