Tangi la samaki sebuleni na kidonda kisichopona



Miongoni mwa mapambo yanayoingia majumbani mwetu siku hizi ni tangi la vioo lenye samaki wa rangi. Hapa Tunduma walio nalo bado ni wachache, lakini mji wetu ni wa biashara, na kifaa kisichopatikana upande huu hutafutwa Nakonde au huagizwa kwa basi kutoka Dar es Salaam. Wengi wametosheka na samaki wa maji baridi. Wapo pia wanaotaka makubwa zaidi: maji ya chumvi, mawe ya baharini na matumbawe yaliyo hai, tena kwenye nyanda hizi za baridi, zaidi ya kilomita 900 kutoka pwani ya Dar es Salaam.

Kisheria kufuga hakuna ubaya. Tunajua habari ya mtoto Abu Umayr aliyekuwa na kindege chake, na Mtume (S.A.W.) akimtania kwa upole. Lakini tunajua pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Samaki wa ndani ya kioo hawezi kwenda kujitafutia riziki wala kuhama maji yakichafuka. Hiyo ni amana, na safu hii inataka ujue pia kwamba amana hiyo inaweza kukupa maradhi usipoishika kwa usafi.

Niliwahi kumtibu ndugu mmoja mfanyabiashara aliyekuwa na uvimbe mwekundu juu ya kidole cha shahada. Ulianza kama kipele, ukapasuka, ukawa kidonda. Alikuwa amekwisha kunywa amoksilini ya dukani. Mimi nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikampa dawa nyingine ya siku saba bila kumuuliza mengi. Aliporudi, vinundu vilikuwa vimepanda mkononi kuelekea kwenye kiwiko, kimoja baada ya kingine kama punje za tasbihi. Hapo ndipo nilipomuuliza mikono yake inashika nini kila siku, akanitajia tangi la samaki.

Vijidudu tunavyovishuku katika hali kama hiyo huitwa Mycobacterium marinum. Ni jamaa wa vijidudu vya kifua kikuu, lakini hivi huishi majini, ya chumvi na ya baridi, na hushambulia samaki. Kwa binadamu huingia kupitia mchubuko mdogo, mara nyingi bila mwenyewe kukumbuka, na dalili hutokea baada ya wiki 2 hadi 4, pengine zaidi. Hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo, ndiyo maana huota vidoleni na mikononi. Haviambukizi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo usimtenge mgonjwa wala usiogope kula naye sahani moja. Lakini dozi ya siku saba haitoshi: tiba huchukua miezi kadhaa, na daktari huweza kukata kinyama kidogo kikapimwe. Basi ukienda hospitali na kidonda cha mkono kisichopona, sema wewe mwenyewe kwamba unafuga samaki. Usingoje kuulizwa, kwani hata sisi matabibu husahau kuuliza.

Ndugu yule aliniambia jambo jingine lililonisikitisha. Alikuwa ameacha kuutia maji mkono ule wakati wa udhu kwa kudhani maji ndiyo yanayozuia kidonda kupona, na hakuwa amemuuliza mtu. Maji safi ya udhu siyo yaliyomletea kidonda. Tabibu akikufunga bandeji na kukukataza kulowesha, muulize imamu wako namna ya kupaka juu ya bandeji au kutayamamu. Dini yetu ni nyepesi katika mambo hayo.

Kinga yake si ghali. Mwenye mchubuko asitie mkono tangini, hata kwa dakika moja. Unaposafisha, vaa glavu za mpira zinazofika kwenye kiwiko, kisha nawa kwa sabuni. Ndoo na sponji za tangi ziwe zake peke yake, zisikae na vyombo vya jikoni. Na tafadhali, usivute maji kwa kunyonya mpira kwa mdomo, kama vijana wanavyonyonya dizeli kwenye malori. Maji ya tangi huweza kuwa na salmonela, na tumbo la kuhara halijui kwamba samaki wako ni wazuri. Kabla ya kugusa maji, chomoa kwanza hita na pampu kwenye umeme.

Kwa wenye matumbawe kuna hatari nyingine. Baadhi ya matumbawe laini yanayofanana na vifungo au maua madogo, yaitwayo zoantha, yana sumu kali ya palitoksini. Mtu akiyasugua kwa brashi, au akichemsha jiwe lenye matumbawe hayo kwa nia ya kulisafisha, sumu huruka hewani. Mwezi Machi 2018 katika kijiji cha Steventon, Uingereza, watu 10 walipelekwa hospitali baada ya mwenye nyumba kutoa matumbawe tangini ili alisafishe. Kati yao 4 walikuwa wazimamoto waliokuja kuokoa. Dalili zake ni kukohoa, pumzi kubana, homa na macho kuwasha, na hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo. Sisi tumezoea kwamba kitu kikichemshwa kimekuwa salama. Jiwe la bahari usilichemshe.

Gharama nayo ni ya kupigia hesabu. Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 200 linahitaji kilo 7 za chumvi maalumu, siyo ya jikoni. Tangi jipya huachwa wiki 4 hadi 6 bila samaki, mpaka bakteria wazuri wa kumaliza amonia wazaliane. Maji yakipungua kwa jua unaongeza maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haipandi na mvuke. Umeme ukikatika usiku wa Juni, hita na pampu hulala pamoja, na asubuhi unaweza kukuta umepoteza kila kitu. Na matumbawe magumu yako chini ya mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali.

Kwa maoni yangu, aliye huku Songwe angefuga mbuna wa Ziwa Nyasa. Ni samaki wa miambani, wa buluu na manjano, wanaosafirishwa duniani kote, na jike hubeba mayai yake mdomoni kwa muda wa wiki 3 hivi. Hawahitaji chumvi, na maji yao ya zamani yanafaa kumwagia mchicha, wakati maji ya chumvi yangeuua. Ila ukipita Matema usiwaache watoto wakuletee konokono wala majani mabichi ya ziwani kupamba tangi. Ziwa lile lina kichocho, na konokono mmoja mwenye vimelea anaweza kuvimwaga ndani ya maji ambayo kesho utatia mkono.

Wabillahi tawfiq.