Muuguzi Aijue Nafsi Yake Kwanza

Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilitangaza kuondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Pingamizi la fedha lilipungua, lakini wako wanawake wetu ambao hadi leo hulikwepa lango la hospitali kwa kuogopa ulimi wa muuguzi. Mama aliyefokewa katika uchungu wa uzazi hatamani kurudi. Na akivuja damu nyumbani, uhai wake umo hatarini.

Ukali huo hautokani siku zote na ubaya wa moyo. Mara nyingi hutokana na woga, uchovu au dharau ambayo muuguzi mwenyewe hajaitambua. Mwanafunzi anayeogopa damu huweza kuuficha woga wake kwa kufoka. Mwingine humwona mama aombaye stara, apimwe na mwanamke mwenziwe, kuwa msumbufu. Kumbe linalomkera ni foleni ndefu iliyo mlangoni.

Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, alifunza katika kitabu chake cha mwaka 1952 kwamba uhusiano wa muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba, na kwamba muuguzi hana budi kuifahamu tabia yake mwenyewe. Mwaka 1988 Graham Gibbs wa Uingereza alipanga hatua sita za kujitafakari, ambazo hutumika sana katika mafunzo ya uuguzi. Baada ya zamu mwanafunzi huandika: Kilitokea nini? Nilihisi nini? Lipi lilikuwa jema na lipi baya? Kwa nini ikawa hivyo? Ningefanya nini kingine? Siku nyingine nitafanyaje?

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Ndiyo muhasaba, yaani mja kuihesabu nafsi yake.

Hata hivyo, daftari hilo halitafaa kitu iwapo mwalimu atalisoma kwa kusaka makosa. Mwanafunzi aliyeandika kwa ukweli kuwa alimchukia mgonjwa, kisha akaadhibiwa, kesho ataandika uongo. Walimu na wawe wasiri, waongoze pasipo kuaibisha.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Binti arudipo kutoka wodini, tusimuulize alama za mtihani pekee. Tumuulize pia: leo moyo wako ulikuwaje mbele ya mgonjwa?

Mwenyezi Mungu awajaalie wauguzi wetu subira, na wagonjwa wetu shifaa. Amin.